Kubainisha Mahali pa Haidrojeni Peroksaidi kwa Hadubini ya Elektroni: Utayarishaji wa Sampuli zenye Bakteria

1.0 Utangulizi

Haidrojeni peroksaidi ni miongoni mwa molekuli tendi za oksijeni ambazo seli huzalisha zinapovamiwa na bakteria. Kiasi chake huweza kupimwa katika neli ya maabara. Hata hivyo, kipimo hicho hakibainishi iwapo molekuli hizo zimo katika ukuta wa seli, katika utando, au kandokando ya bakteria mwenyewe. Swali hilo huhitaji hadubini ya elektroni. Tatizo ni kwamba molekuli hii ni ndogo, haidumu, wala haitawanyi elektroni kiasi cha kuonekana.

2.0 Msingi wa Mbinu

Seriamu kloraidi ikutanapo na haidrojeni peroksaidi, hutokea mashapo yasiyoyeyuka. Kwa kuwa atomu ya seriamu ni nzito, mashapo hayo huonekana kama madoa meusi palepale molekuli ilipokuwa. Mwaka 1975 Briggs na wenzake waliitumia mbinu hii katika chembe nyeupe za damu. Mwaka 1997 Bestwick na wenzake waliitumia katika majani ya letusi yaliyoambukizwa Pseudomonas syringae.

3.0 Hatua

Kipande kibichi hulowekwa kwanza katika seriamu kloraidi ya milimola 5 kwa lita, kwa muda wa saa moja hivi. Hatua hii hutangulia ukazaji, kwani seli iliyokwisha kukazwa haizalishi tena molekuli inayotafutwa. Baadaye glutaraldehaidi hukaza protini, osmiamu tetroksaidi hukaza mafuta ya utando, ethanoli huondoa maji hatua kwa hatua, na resini hushikilia kipande ili kikatwe kwa unene usiofikia nanomita 100.

4.0 Tahadhari

Doa jeusi peke yake si ushahidi. Bafa ya fosfeti huungana na seriamu na kuzaa mashapo ambayo jicho haliwezi kuyatofautisha na yale yanayotafutwa. Kwa sababu hiyo bafa ya MOPS hupendelewa. Aidha, lazima ziwepo sampuli linganishi: moja isiyotiwa seriamu, na nyingine iliyotiwa katalesi, yaani kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Madoa yakitoweka mbele ya katalesi, hoja husimama. Yakibaki, picha hiyo, hata ingekuwa safi namna gani, haithibitishi mahali pa molekuli hiyo.