Kabla ya Kuhesabu Viti, Tuhesabu Malango

Mwaka 2027, Uganda, Kenya na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Tangu Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilipotangaza uamuzi huo Septemba 2023, mazungumzo ya viwanja yamekuwa mazungumzo ya idadi. Hoima, watu 20,000. Arusha, watu 30,000. Talanta ya Nairobi, watu 60,000. Wananchi wanapokutana nasi katika mabaraza, swali lao la kwanza ni hilo hilo: uwanja huu utachukua watu wangapi? Ni swali halali. Hata hivyo, askari aliyepangwa langoni siku ya mchezo hana budi kuuliza jingine: watu hao wataingia kwa saa ngapi na, likitokea la kutokea, watatoka kwa dakika ngapi?

Waganda tunaijua vyema gharama ya uwanja usiokidhi masharti. Uwanja wa Taifa wa Mandela uliopo Namboole ulifunguliwa mwaka 1997, na kwa miaka mingi ulikuwa fahari yetu. Ulipochakaa na kukataliwa na CAF, timu yetu ya Cranes iligeuka mgeni hata katika michezo iliyoandikwa kuwa ya nyumbani. Machi 2023 tuliikaribisha Tanzania mjini Ismailia, nchini Misri. Juni mwaka huo huo tukaikaribisha Algeria mjini Douala, Kamerun. Shabiki wa Bweyogerere, aliyezoea kwenda uwanjani kwa miguu, akawa anaitazama timu yake katika kibanda cha video. Kikosi cha uhandisi cha UPDF kikaukarabati uwanja, na Juni 2024 michezo ya kufuzu Kombe la Dunia ikarudi Namboole.

Katika ukarabati wa namna hiyo, jambo linaloonekana kwanza na kila mtu ni viti. Wapo wanaolalamika kwamba viti hupunguza nafasi, na kwa kweli hupunguza: pale ambapo watu wanane hubanana juu ya benchi la zege, huenda pakawekwa viti vitano tu. Lakini kiti chenye namba huondoa ubishi. Tiketi moja ni mtu mmoja na mahali pamoja. Msimamizi akiona watu wamesimama kwenye ngazi, anajua papo hapo kwamba hesabu imeharibika mahali fulani. Kwenye benchi la zege hakuna ajuaye, mpaka mtu azimie.

Kazi ngumu zaidi imo katika sehemu ambazo mtazamaji hazitazami. Uingereza ina mwongozo wa usalama wa viwanja ambao unajulikana na wataalamu hata nje ya nchi hiyo. Kwa mujibu wake, kilango cha kupitisha mtu mmoja mmoja kisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Kwa upande wa kutoka, njia tambarare yenye upana wa mita moja huhesabiwa kupitisha watu 82 kwa dakika, na ngazi za upana huo huo watu 66. Watazamaji wote wawe wameondoka jukwaani ndani ya dakika 8, na pungufu ya hapo palipo na hatari ya moto.

Tuzitie namba hizo katika mfano. Tuchukue uwanja wa watu 45,000, ukubwa wa Amahoro ya Kigali baada ya kupanuliwa na kufunguliwa upya Julai 2024. (Hesabu ni yangu ya mfano, siuzungumzii uwanja ule.) Ili wote waingie kwa saa moja vinahitajika vilango 69. Ili watoke kwa dakika 8 zinahitajika njia tambarare zenye jumla ya upana wa karibu mita 69. Zikiwa ngazi, zaidi ya mita 85. Anayeongeza jukwaa la watu 10,000 na kuacha kuongeza mita 15 na ushei za njia hajapanua uwanja. Ameongeza watu ndani ya uwanja ule ule.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Tarehe 15 Aprili 1989, mjini Sheffield, Uingereza, klabu za Liverpool na Nottingham Forest zilikutana katika uwanja wa Hillsborough. Upande mmoja mashabiki 10,100 wenye tiketi za kusimama walitegemea vilango saba. Kwa kipimo nilichokitaja, vilango hivyo vingehitaji zaidi ya saa mbili. Mchezo ulipokaribia kuanza, msongamano nje ulikuwa wa kutisha, na polisi wakaamuru lango la kutokea lifunguliwe ili watu waingie. Walioingia walifuata njia ya chini ya jukwaa iliyokuwa mbele yao, ikawafikisha katika vizimba viwili vya chuma vilivyokwisha kujaa. Watu 97 walipoteza maisha, wa mwisho wao akifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Uchunguzi wa Jaji Taylor ndio ulioviondoa vizimba na kuvitaka viwanja vikubwa vya Uingereza viweke viti kwa kila mtazamaji.

Limo jingine katika mkasa huo ambalo mtu mwenye sare kama mimi hapaswi kulipita kimya. Polisi waliwalaumu mashabiki kwa miaka mingi. Mwaka 2016 jopo la raia lililosikiliza uchunguzi wa vifo lilitamka kwamba marehemu waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuchangia kwa mwenendo wao. Jina la polisi wa jimbo lile halijasafishika hadi leo.

Barani kwetu, Accra inatufundisha somo linalokaribiana na hilo. Tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak ilipoongoza dhidi ya Asante Kotoko, baadhi ya mashabiki walianza kung'oa viti na kuvirusha. Polisi walijibu kwa mabomu ya machozi. Watu walikimbilia malango na kuyakuta yamefungwa; 126 walikufa. Fujo ilikuwepo, hilo halikanushwi. Lakini waliokufa hawakuuawa na viti vilivyorushwa. Kanuni za usalama za FIFA haziruhusu gesi ya kutawanya watu kutumika uwanjani, na sababu yake ni nyepesi kueleweka: gesi humwamuru mtu aondoke. Mahali penye lango lililofungwa, amri hiyo haitekelezeki.

Mjini Yaoundé, Januari 2022, watu wanane walikufa nje ya uwanja mpya wa Olembe, kwenye lango lililopaswa kuwa wazi. Na sisi wenyewe, usiku wa kuamkia Januari 2023, tuliwapoteza watu 10, wengi wao watoto, katika jumba la biashara kando ya barabara ya Entebbe, walipokimbilia njia moja kutazama fataki. Pale hapakuwa na mpira wala timu mbili zenye uhasama. Palikuwa na furaha, njia nyembamba, na watu wengi kwa dakika moja.

Kwa hiyo tunapowasihi mashabiki wafike mapema, hatutafuti kuwatesa juani. Kilango hakiongezi mwendo kwa sababu mpira umeanza. Watu 5,000 wakifika robo saa kabla ya filimbi, hakuna askari awezaye kuigeuza hesabu ile. Asiye na tiketi naye akae nyumbani. Wakati wa mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, CAF iliamuru watazamaji wa Kasarani, Nairobi, wapunguzwe baada ya watu kujipenyeza kwa nguvu, na walioumia ni mashabiki waadilifu. Tunawaomba pia ndugu zetu wa boda boda na wachuuzi wasizibe sehemu ya nje ya lango la dharura, hata kama tangu asubuhi halijapita mtu. Njia hiyo huhesabiwa mpaka barabarani.

Nanyi mna haki ya kutudai. Uwanja unapojengwa au kupanuliwa karibu nanyi, iwe Hoima au Namboole, ulizeni katika kikao cha mtaa: malango ya kutokea ni mangapi, upana wake ni mita ngapi, na yanafunguka kuelekea nje? Siku ya mchezo, ni nani atakayekuwa amesimama kwenye kila lango tangu mtazamaji wa kwanza aingie hadi wa mwisho atoke, na kama lina kufuli, ufunguo utakuwa mkononi mwa nani?