Kufundisha Konokono wa Baharini Mbali na Bahari

Mwalimu wa Karagwe au Kyerwa atakuta watoto wengi ambao hawajaiona bahari. Twapendekeza aanze na konokono wa migombani. Amweke juu ya kipande cha kioo kilichopakwa uji wa unga. Wanafunzi wakitazama kwa chini wataona ulimi wenye vijino ukikwangua. Chaki haitoshi hapa. Ndipo aeleze kwamba Conus geographus wa Bahari ya Hindi, mwenye gamba mithili ya pia, hutumia jino lenye uwazi kama sindano kumchoma samaki kwa sumu. Gamba hilo huvutia, na mtoto akifika pwani ataliokota. Watu wamekufa hivyo. Dawa ya kuiondoa sumu haipo. Aliyechomwa akimbizwe hospitali asaidiwe kupumua.