Kitubio na Ngoto: Suluhu katika Milima ya Uluguru

Katika vijiji vya Matombo na Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ardhi kwa asili si mali ya mtu mmoja bali ni ya ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, ambao Waluguru huuita lukolo, na mwenye dhamana ya kuigawa ni mkuu wa ukoo, yaani mndewa. Na mtu wa ukoo mwingine aliyeomba mahali pa kulima alipewa kwa sharti la kutoa ngoto, kitu kidogo kisicholingana hata kidogo na thamani ya shamba, ambacho makusudi yake yalikuwa kukiri tu kwamba ardhi ile ina wenyewe. Ugomvi wa milimani aghalabu huanzia hapo. Mjomba alitoa ngoto maisha yake yote. Mpwa aliyemrithi akaacha kuitoa. Na mpwa wa mpwa akapanda mikarafuu, ilhali kila mtu wa pale ajua kwamba mwenye kupanda mti wa kudumu amekwisha kudai umiliki bila ya kufungua kinywa. Sasa Kwaresima inapowadia, na mwenye mikarafuu akapiga magoti katika kiti cha maungamo akasema kwamba amewadhulumu jirani zake, je, padri akishakumpa malipizi ya kusali rozari na kumtamkia maondoleo, jambo limekwisha?

Kwa mujibu wa mafundisho ya Kanisa lenyewe, halijakwisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu chake cha 1459, yasema wazi kwamba maondoleo huiondoa dhambi lakini hayatengenezi yote yaliyoharibiwa na dhambi hiyo, na kwamba mwenye kuiba hana budi kurudisha alichokiiba. Hapa ndipo inapotupasa kutenganisha mambo mawili ambayo katika mahubiri yetu huchanganywa kila Jumapili. Msamaha waweza kuwa kazi ya mtu mmoja: aliyedhulumiwa aweza kuutoa moyoni mwake, usiku, pasipo shahidi, hata kama mdhalimu hajajuta, hata kama amekwisha kufa. Suluhu haiwezi kuwa ya mmoja. Huhitaji watu wawili, na mara nyingi wa tatu. Huhitaji ukweli utamkwe mbele ya wanaohusika, na kilichochukuliwa kirudi. Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, inapanga mwendo wa daraja kwa daraja: kwanza wawili faraghani, kisha wachukuliwe mashahidi mmoja au wawili, kisha jambo lifikishwe kwa Kanisa zima. Naye Zakayo mtoza ushuru, katika Injili ya Luka, hakuishia kujuta. Aliahidi kurudisha mara nne.

Msomaji atauliza: ikiwa ndivyo, imekuwaje kitubio kikawa jambo la minong'ono kati ya watu wawili? Jibu ni la tarikhi, na sehemu yake moja imo humu humu barani Afrika. Baada ya mateso ya Kaisari Decius mwaka 250, Wakristo wengi wa Kartago walikuwa wamekwisha kutolea miungu sadaka, au wamenunua hati za kuonyesha kwamba walitoa. Na walipotaka kurejea, Askofu Sipriano na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251 kuamua kwa masharti gani wapokewe. Toba ya zama zile ilikuwa ya hadharani, ya muda mrefu, na aliyerudi alirudi mbele ya jamaa nzima aliyoiaibisha. Ni watawa wa Ireland, tangu karne ya 6, walioeneza desturi ya kuungama kwa siri na kwa kurudia-rudia. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ukawalazimisha waamini wote kuungama walau mara moja kwa mwaka. Na kile kiti chenye kizuizi cha kimia, ambacho wengi hudhani ni cha tangu zama za mitume, kilienezwa katika karne ya 16 na Kardinali Carlo Borromeo wa Milano. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipotua Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda bara hata Mhonda mwaka 1877, na Matombo miaka ishirini baadaye, walikuja na kitubio cha namna hiyo, wala hatuwezi kuwalaumu kwa kuleta walichokuwa nacho.

Walakini walikileta kwa watu waliokwisha kuwa na elimu yao ya suluhu, na katika elimu hiyo mimi naona kwamba utani ndio sehemu yenye thamani kuliko zote. Mmarekani James Christensen, aliyeandika mwaka 1963 juu ya utani wa Waluguru, alionyesha kwamba si mchezo wa maneno tu bali ni mkataba wenye haki na faradhi, kati ya ukoo na ukoo, na vile vile kati ya kabila na kabila. Mtazame mtani akiingia penye msiba. Wafiwa wamekaa chini, sauti zimekauka. Yeye anaingia kwa kelele, anamwigiza marehemu jinsi alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikopa asilipe, analala juu ya mkeka akidai hazikwi mtu mpaka apewe chake, na mwishoni ndiye anayeshika ufagio na kufanya kazi zile ambazo wenye uchungu hawawezi kuzifanya. Katika maskhara yale mna maneno ambayo ndugu wa damu angeyasema pangezuka vita. Kwamba Fulani na nduguye hawajasalimiana tangu mavuno, kwamba shamba la bondeni lilichukuliwa kwa hila, mtani huyasema mbele ya watu wote, na sheria ya utani humkataza yeyote kukasirika.

Wazee husimulia kwamba utani mwingi kati ya makabila ulizaliwa katika vita na uvamizi wa zamani, na mji wa Morogoro wenyewe ni ushahidi wa kutosha kwamba mambo hayo hayakuwa hadithi. Aliyeusimamisha katika karne ya 19 ni Kisabengo, Mzigua aliyekusanya watoro wa utumwani na kujitwalia enzi kwa nguvu, na bintiye Simbamwene akamrithi. Leo hii Mluguru na Mzigua hutaniana sokoni. Hawakusahau; waliikubali kumbukumbu ile iwe mali ya kuchekea, na sijui Mtaguso gani umewahi kutunga dawa bora kuliko hiyo.

Kuna dhuluma ambazo hata mtani hazifikii. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo mzuri ulifukiwa chini, mavuno yakapungua, masultani wa serikali wakatumiwa kuwasukuma watu wao, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na mpango ukaachwa. Matuta yaliachwa yakaliwa na nyasi, lakini waliowaadhibu jirani zao na walioadhibiwa waliendelea kuabudu katika makanisa yale yale, katika Jimbo la Morogoro lililokuwa na umri wa miaka miwili tu. Hakuna kiti cha maungamo kinachoweza kupokea dhambi ya namna hiyo, kwa kuwa haina mtu mmoja wa kuiungama.

Walutheri wamehifadhi kitu cha hadharani, ile ibada ya kurudi kundini, ambapo aliyetengwa husimama mbele ya usharika na kupokewa upya. Katika umbo lake ni karibu zaidi na Sipriano kuliko tulivyo sisi Wakatoliki. Aibu yake ni kwamba aghalabu huangukia binti aliyepata mimba, huku aliyempa mimba akiimba kwaya. Na toba ya hadharani inayowapata wanyonge peke yao si toba bali ni adhabu.

Basi padri afanye nini na mwenye mikarafuu? Siri ya kitubio imemfunga kabisa: hawezi kumwita mndewa, hawezi kuligusia jambo katika mahubiri, hata kwa mafumbo. Aliloruhusiwa ni kumpa muungamaji malipizi yenye miguu, yaani kumtaka aende mwenyewe kwa jirani, na akiogopa amchukue mjomba, au mtani, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa msingi wa uchungaji tangu mwaka 1973. Ibada mpya ya kitubio, iliyotolewa Roma mwaka huo huo, yaruhusu jamaa kukusanyika na kutubu pamoja kabla ya kila mtu kuungama peke yake. Na huko Kongo, katika Misa ya Kizaire iliyoidhinishwa mwaka 1988, toba na kupeana amani huja baada ya mahubiri, kabla ya vipaji kuletwa altareni, kama Injili inavyomtaka mtu aiache kwanza sadaka yake akapatane na nduguye.

Ila na tujihadhari. Jumuiya inayomkalisha mke aliyepigwa, ikamwimbia nyimbo za upole mpaka aseme amesamehe, ndipo arudishwe kwa mpigaji ambaye hakuulizwa neno, imefanya dhuluma ya pili. Msamaha usiotolewa kwa hiari si msamaha, na mwenye kusamehe hajapoteza haki yake ya kwenda mahakamani.

Na ikiwa aliyedhulumiwa amekwisha kufa? Katika nchi nyingi swali hili humshinda muungamishi, hata humwambia mtu atoe sadaka kwa maskini. Uluguru haliwi gumu namna hiyo, maana mwenye shamba hakuwa yule marehemu bali lukolo lake, na lukolo halifi maadamu wapo akina mama wanaozaa. Ngoto ya miaka iliyopita yaweza kupelekwa hata leo kwa mndewa aliyepo, mbele ya wajomba wa pande zote mbili, na mikarafuu ikazungumzwa: ing'olewe, au ivunwe kwa nusu, au ibaki kwa sharti la ngoto mpya.