Kutafuta Maandiko juu ya Hamira na Baridi

Hazina ya PubMed, iliyofunguliwa bure kwa watu wote mwaka 1997, ina marejeo zaidi ya milioni 35. Atafutaye humo jinsi hamira ikabilivyo baridi asitegemee neno "baridi" peke yake: wengine huandika "mshtuko wa baridi", wengine "joto la chini", na asiyeyajua yote mawili atadhani utafiti ni haba. Lakini taabu kubwa ni majina ya jeni. TIP1 katika Saccharomyces cerevisiae, hamira ya mikate, ni jeni ya ukuta wa seli iamshwayo na baridi. Katika Schizosaccharomyces pombe jina hilo hilo ni la protini ya ncha za mirija midogo ya seli. (Pombe hiyo ni yetu: Lindner aliieleza hamira hii mwaka 1893 kutoka pombe ya Afrika ya Mashariki.) Basi jina la jeni liandikwe daima pamoja na jina kamili la kiumbe.