Uumbaji hausahihishwi kwa kalamu nyekundu

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza, akifika kwenye mada ya chimbuko la binadamu, ameandikiwa ubaoni nadharia mbili: ya uumbaji na ya mageuko. Hunakili zote, hukariri hoja za kila upande, kisha hupewa alama. Wengi huona hiyo ndiyo haki yenyewe, kwamba kila upande umesikilizwa. Mimi ninayefundisha baiolojia naona mpango huo unaiumiza sayansi, na dini unaiumiza zaidi.

Tuitazame Lupembe, huku kwetu mkoani Njombe. Milima hii ya chai ilipokea wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, na hadi leo Dayosisi ya Kusini ya KKKT ina makao yake Njombe. Kabla yao, Wabena, wenyeji wa hapa, walimjua Mungu kwa jina la Nguluvi. Shuka hadi Makambako, kwenye njia panda na reli ya TAZARA, utawakuta Wakatoliki, Wapentekoste, Wasabato na Waislamu wameketi dawati moja. Msabato hufundishwa kanisani kwake kwamba siku sita za kitabu cha Mwanzo ni siku halisi. Mkatoliki ana waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950, uliowaruhusu wasomi kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, huku ukishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwislamu ana Kurani yake. Sasa mwalimu wa shule ya Serikali anapoandika “nadharia ya uumbaji”, anafundisha uumbaji kwa imani ya nani? Na mtoto akikatwa alama hapo, amekosea mtihani au amekosea imani?

Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, tena inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wapo wanaoitegemea ili kumkinga mtoto na mafundisho ya Darwin kuhusu mageuko. Lakini ibara hiyohiyo inamkinga mtoto na mwalimu anayegeuza kipindi cha sayansi kuwa mimbari, na vilevile na yule anayemdhihaki kwa sababu anasali. Shuleni kuna kipindi cha dini, na viongozi wa dini huingia kufundisha watoto wao. Hapo ndipo pa uumbaji, kwa mtu aliyepewa dhamana ya kuufundisha na ambaye hatauita nadharia.

Kipindi cha baiolojia nacho kifundishe mageuko kwa ukamilifu, maana mara nyingi kinachokataliwa si mageuko yenyewe. “Babu yangu hakuwa sokwe,” watu husema, na sayansi inakubaliana nao. Inachosema ni kwamba binadamu na sokwe wa leo ni matawi mawili ya ukoo mmoja, yaliyoachana miaka milioni sita au saba hivi iliyopita. Mageuko hufanyika hivi: viumbe wa aina moja hawalingani; baadhi ya tofauti zao hurithiwa; na wale ambao tofauti zao zinawafaa pale walipo huacha uzao mwingi zaidi. Vizazi vikipita, aina nzima hubadilika.

Kwetu Njombe mageuko si habari ya mifupa ya kale tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa mkoa huu unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Anayetumia ARV leo kwa kawaida humeza dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, na sababu ya kuwa tatu ni mageuko. Kirusi hujinakili upesi na kwa makosa mengi, hivyo ndani ya mwili mmoja hupatikana virusi vya namna nyingi. Dawa moja peke yake, kama AZT ilivyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, huvidhibiti vile vinavyoathirika nayo. Vichache vyenye kasoro inayoviwezesha kuikwepa husalia, huzaliana, na baada ya muda dawa inashindwa kazi. Kuzikwepa tatu kwa mpigo ni vigumu mno. Mgonjwa akirukaruka dozi, anavifungulia mlango. Mchungaji anayemsihi muumini asiache dawa anatumia elimu ya Darwin, hata kama mimbarini anaipinga.

Wenzetu wa Kenya waliupitia mvutano huu hadharani. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakiwa katika ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka visukuku vya zamadamu visipewe nafasi ya mbele. Kati yavyo kilikuwamo kisukuku cha Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aliuona mfupa wake wa kwanza mwaka 1984. Mtafiti wa visukuku Richard Leakey, mjukuu wa wamisionari wa Kianglikana wa Kabete, alimpinga askofu vikali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na visukuku vikawekwa. Naona ilikuwa sawa: askofu alikuwa na haki kamili ya kuwafundisha waumini wake kile anachokiamini, ila haki hiyo haikumpa ufunguo wa kabati la watu wote.

Ushahidi mwingine uko jirani mno na sisi. Bonde la mto Ruhuhu, mpakani mwa Njombe na Ruvuma, limetoa mifupa ya Nyasasaurus, mnyama wa miaka milioni 240 hivi iliyopita ambaye huenda ni dinosau wa kale kuliko wote wanaojulikana. Ukitoka Makambako kwenda Iringa, kabla hujaingia mjini unafika Isimila, kwenye korongo lenye zana za mawe ambazo umri wake hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Basi la shule za Lupembe linaweza kufika huko. Ningependa walimu wamwalike mchungaji, padri na shehe wapande pamoja na watoto, wazishike zana hizo kwa mikono yao, kisha kila mmoja aulizwe maswali ya imani na wanafunzi wake, katika kipindi chake.