Imani, Ukanaji na Mizani ya Akili

Mwezi wa Desemba mwaka 1979, katika mji wa Stockholm, wataalamu watatu wa fizikia walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel kwa kubainisha ya kwamba nguvu ya sumakuumeme, ambayo ndiyo asili ya nuru na umeme, na nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu, ambayo husababisha baadhi ya madini kutoa mionzi, ni matawi mawili ya shina moja. Mmoja wao alikuwa Sheldon Glashow. Wa pili alikuwa Abdus Salam, mzaliwa wa Jhang katika Punjab, Mwislamu wa madhehebu ya Ahmadiya, aliyeshika dini yake hata akasoma aya za Kurani katika karamu ya tuzo hiyo mbele ya mfalme wa Sweden. Na wa tatu alikuwa Steven Weinberg, Mmarekani aliyekuwa akisema wazi, bila ya kuficha wala kuona haya, ya kuwa haamini kuwako kwa Mungu. Salam na Weinberg, kila mmoja kwa njia yake na pasipo kushauriana, walifikia nadharia moja ile ile, na majaribio ya maabara yaliyofuata hayakupata sababu ya kupendelea hesabu za mwamini wala za mkanaji.

Mfano mmoja haujengi kanuni wala hauibomoi. Lakini wafaa kuwakumbusha wale wanaobishana juu ya dini na akili, ambao aghalabu huanza kwa hitimisho na kumalizia kwa hoja. Mkana Mungu hupenda kusema ya kuwa imani ni kimbilio la wasiotaka kufikiri, na mshika dini humjibu ya kuwa hakuna mjinga kama anayeona viumbe asimwone Muumba. Sayansi haikuajiriwa na yeyote kati ya hawa wawili. Kazi yake ni kuhesabu, kupima na kulinganisha, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja imefanya hivyo katika jambo hili, kwa natija ambazo hazimpi raha kamili mkanaji wala mwamini.

Mwaka 1914 mwanasaikolojia James Leuba aliwaandikia wanasayansi elfu moja wa Marekani akiwauliza kama waliamini kuwako kwa Mungu anayesikia na kujibu dua, na takriban wanne katika kila kumi waliomjibu walikiri kuamini. Mwaka 1996 Edward Larson na Larry Witham walirudia swali hilo kwa wanasayansi wa zama zao, wakapata jibu lisilotofautiana sana na la kwanza, yaani wanne katika kumi, licha ya yote yaliyogunduliwa katika miaka themanini iliyopita baina ya maulizo hayo mawili. Walakini walipowauliza wajumbe wa Akademia ya Taifa ya Sayansi, ambao ndio waliotukuka zaidi katika elimu hiyo, waamini walishuka hadi 7 katika 100. Hesabu hizi zilipigiwa tarumbeta na wakanaji, ilhali hazikupima akili hata kidogo: zilipima kundi la watu waliochujwa na shule, na ukwasi wa wazazi, na tabia ya kushuku iliyo desturi ya kazi yao, na suhuba ya wenzao.

Ili kuipima akili yenyewe ilihitajiwa ala nyingine. Ala hiyo ilianzia Paris mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada darasani. Kisha ikavuka bahari, ikatengenezwa upya Marekani, ikawa vile vipimo vya akili ambavyo wastani wake umewekwa kuwa alama 100, na ambavyo thuluthi mbili ya watu hupata baina ya 85 na 115. Baada ya hapo ilikuwa kazi nyepesi kumpa mtu maswali ya akili kwa mkono mmoja na maswali ya imani kwa mkono wa pili, na tafiti za namna hiyo zikaongezeka mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2013 Miron Zuckerman wa Chuo Kikuu cha Rochester, pamoja na wenzake wawili, walizikusanya tafiti 63 na kuzijumlisha katika hesabu moja. Walikuta ya kwamba kwa jumla alama za akili zinapopanda imani hushuka kidogo, na kipimo cha uhusiano huo, ambacho sifuri yake ina maana ya kutokuwako uhusiano wowote na moja yake ina maana ya uhusiano kamili, kilikuwa takriban 0.24. Mkusanyo mwingine uliochapishwa mwaka 2022 na Florian Dürlinger na Jakob Pietschnig, wenye watu zaidi ya laki mbili ndani yake, ulikipunguza kipimo hicho hadi 0.14. Kwa hiyo yeyote asemaye kuwa hakuna uhusiano wowote anakana ushahidi. Lakini asemaye kuwa uhusiano huo ni mkubwa naye anaukana vilevile, kwani kwa kanuni za hesabu ya takwimu kipimo cha 0.24 chaeleza chini ya sehemu sita katika mia za tofauti zilizoko baina ya watu, na kile cha 0.14 chaeleza takriban mbili. Sehemu tisini na nne au zaidi zilizosalia zina sababu nyingine.

Tuchukue hesabu iliyo dhahiri zaidi. Katika uchunguzi wa vijana wa Marekani uliochapishwa na Satoshi Kanazawa mwaka 2010, wale waliojiita washika dini sana walikuwa na wastani wa alama 97, na wale waliosema hawana dini hata kidogo walikuwa na wastani wa 103. Hizi ni ncha mbili za kundi zima, ambapo tofauti huonekana kubwa kuliko mahali pengine popote. Hata hivyo, kama tungechagua kwa bahati nasibu mtu mmoja kutoka kila ncha na kuwalinganisha, na kurudia hivyo mara mia, mshika dini angemshinda asiye na dini mara 39 hivi. Mwenye kutaka kuijua akili ya jirani yake kwa kumwangalia kama aenda msikitini au kanisani atakosea mara nyingi mno, na angefanya vema zaidi kuzungumza naye.

Jambo la pili linalopaswa kuwekwa bayana ni kwamba wengi wa waliopimwa ni watu wa nchi za Magharibi, hasa Wamarekani, na katika hao Waprotestanti ndio wengi. Na Zuckerman mwenyewe na wenzake walilitaja hilo kuwa mpaka wa maneno yao. Fauka ya hayo, uhusiano ulikuwa hafifu zaidi kwa watoto ambao hawajafikia umri wa chuo, na hafifu zaidi kwa matendo ya ibada kuliko kwa itikadi ya moyoni, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa watu huenda kwenye nyumba za ibada kwa sababu nyingi, na kukutana na jamaa ni mojawapo.

Je, kwa nini uhusiano huo uwepo, japo ni mdogo? Maelezo matatu yametolewa. La kwanza ni kwamba mwenye akili nyepesi huona uzito kidogo kuachana na desturi za waliomzunguka, na katika nchi ambayo wengi wanaamini, kuachana na desturi ni kuacha imani. Natija yake ni kwamba katika nchi ambayo wengi hawaamini hoja hii ingegeuka kichwa chini. La pili ni kwamba akili, kwa kuwa humletea mtu elimu, kazi nzuri na utulivu wa maisha, humpa kwa njia nyingine baadhi ya yale ambayo dini huwapa watu, mathalani faraja na hisia ya kuyamudu mambo yake.

La tatu ndilo lililovuma zaidi. Lilisema ya kuwa imani hutokana na fikira ya haraka inayokuja yenyewe, na kwamba anayezoea kuisimamisha fikira hiyo na kuichunguza huelekea kwenye shaka. Mwaka 2012 Will Gervais na Ara Norenzayan walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo watu 57 walionyeshwa picha za sanamu, baadhi yao ile sanamu ya mchongaji Rodin ya mtu aliyeshika tama akifikiri, na wengine sanamu ya kale ya mrusha kisahani. Na ikadaiwa kuwa walioitazama sanamu ya mwenye kufikiri walipungukiwa imani palepale. Habari hiyo ilienea duniani. Wenzao walipolirudia jaribio kwa watu wengi zaidi hawakuona athari yoyote, na mwaka 2018 lilihesabiwa miongoni mwa majaribio 8, kati ya 21 yaliyorudiwa kutoka majarida ya Science na Nature, ambayo hayakusimama. Gervais alikubali hadharani kuwa jaribio lile lilikuwa dhaifu, kisha akafanya lililo bora kuliko kujitetea: alishiriki kuwapima watu wa nchi 13, na humo uhusiano baina ya fikira ya kuchunguza na kutoamini ulionekana kuwa haba, tena usiotulia, wenye kuonekana hapa na kutoweka kule.

Wako pia waliotaka kupima mataifa mazima. Mwaka 2009 Richard Lynn na wenzake walilinganisha nchi 137 na kudai kuwa zenye alama kubwa za akili ndizo zenye wakana Mungu wengi. Kazi hii yastahili hadhari kuliko zote, kwa kuwa alama za nchi nyingi za Afrika alizotumia Lynn zilitoka katika makundi madogo yasiyowakilisha taifa, na kuzitumia kuhukumu akili za mamilioni ya watu ni kama kupima kina cha bahari kwa pishi ya mchele. Kule Embu nchini Kenya watoto waliopimwa mwaka 1984 walilinganishwa na wenzao wa rika hilo hilo waliopimwa mwaka 1998, na alama zilikuwa zimepanda sana katika miaka hiyo 14 tu. Wachunguzi waliona sababu katika lishe, katika wazazi kujua kusoma, na katika familia kuwa ndogo. Hata hivyo, sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta watu wasio na dini hawafiki 2 katika 100. Na kama twataka mfano wa upande wa pili, tuitazame Ujerumani, ambayo taifa lake moja liligawanywa mwaka 1949 na kuunganishwa tena mwaka 1990: upande wa mashariki, uliotawaliwa na serikali isiyopenda dini, ni mmojawapo wa mahali penye waamini wachache kabisa duniani, ilhali upande wa magharibi walibaki wengi. Kilichowatenganisha kilikuwa utawala na malezi.

Malezi ndiyo yaliyotokea pia katika uchunguzi wa Gervais na wenzake uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulizipima kwa pamoja sababu zinazotajwa za kutoamini miongoni mwa Wamarekani. Iliyoshinda zote kwa nguvu ilikuwa hii: kama mtu katika utoto wake aliwaona wakubwa wake wakiitimiza kwa matendo dini waliyoikiri kwa ndimi, wakifunga, wakitoa, wakijinyima kwa ajili yake, au hakuwaona. Fikira ya kuchunguza ilikuwa na sehemu yake, lakini ndogo. Waswahili walikwisha sema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapa takwimu imekubaliana nao.

Hukumu basi ni hii. Baina ya akili inayopimwa kwa maswali ya darasani na kutoamini upo uhusiano mdogo katika baadhi ya nchi, hasa za Magharibi, na uhusiano huo hautoshi kumwinua wala kumshusha mtu yeyote mmoja. Aidha, haugusi hata kidogo suala la kama Mungu yuko au hayuko, kwani ukweli wa neno haupimwi kwa alama za wanaolisema. Mkanaji mwenye insafu aache kujivunia kichwa chake, na mwamini mwenye insafu aache kuziogopa hesabu hizi. Na wote wawili, wakitaka kushindana, washindane kwa hoja.