Nyoka Ndani ya Nyumba: Kuonya, Kuua na Kutibu kwa Mujibu wa Sharia

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Mvua zinapoanza katika vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita, panya hukimbilia maghala ya mahindi na mtama, na nyoka huwafuata panya. Watoto wanaolala chini juu ya mkeka huwa hatarini, na vilevile mchimbaji mdogo anayepita gizani kati ya vifusi kwenda kwenye duara lake. Hapo huzuka maswali matatu. Je, nyoka aliyeingia nyumbani auawe papo hapo, au aonywe kwanza kwa kuwa huenda ni jini? Aliyeumwa apelekwe wapi? Na je, inafaa kumtuhumu mtu kuwa ndiye aliyemtuma nyoka yule?

Asili ya hukumu

Asili ni kuwa nyoka mwenye madhara anauawa. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kuuawa nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya swala, kama ilivyopokewa na Abu Hurayra (r.a.). Pia amemkemea anayeacha kuua nyoka kwa kuogopa kisasi chao. Kwa hiyo, imani ya baadhi ya watu kwamba mwenzake nyoka aliyeuawa atarudi kulipiza haina nafasi katika dini.

Hata hivyo, nyoka wa majumbani wana hukumu yao. Ibn Umar (r.a.) alikuwa akiua kila nyoka mpaka Abu Lubaba (r.a.) alipomweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kuwaua wa majumbani. Sababu inafahamika kutokana na kisa alichokisimulia Abu Said al-Khudri (r.a.), kilichomo katika Sahihi Muslim. Kijana wa Kiansari, bwana harusi mpya, aliomba ruhusa wakati wa vita vya Khandaq kwenda kwake. Alimkuta mkewe amesimama mlangoni, akamwinulia mkuki kwa wivu. Mke akamwambia aingie ajionee. Ndani alimkuta nyoka mkubwa amejikunja kitandani, akamchoma mkuki. Nyoka akafurukuta, na haikujulikana nani alitangulia kufa, kijana au nyoka. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alieleza kuwa Madina wamo majini waliosilimu, na akaagiza kuwa anayeonekana nyumbani aonywe muda wa siku tatu, akionekana baada ya hapo, auawe.

Ikhtilafu ya wanavyuoni

Baadhi yao, akiwemo al-Maziri, wamesema kuonya ni mahsusi kwa Madina, na katika miji mingine nyoka huuawa bila ya kuonywa. Imam Malik alipendelea kuonya katika nyumba za miji yote, ingawa kwa Madina amelitilia mkazo zaidi; porini hakuna kuonya. Wametofautiana pia kama muda ni siku tatu au ni kusema mara tatu, kwa kuwa riwaya zimekuja kwa namna zote mbili.

Jambo moja halina budi kuzingatiwa. Hadithi zenyewe zimewatoa katika katazo nyoka wawili: mwenye mistari miwili mgongoni na mwenye mkia mfupi, kwa sababu hudhuru macho na mimba. Hatusemi kuwa hadithi imewataja nyoka wa Usukumani. Lakini sababu iliyotajwa ni madhara, na madhara hapa yanaonekana kwa macho: swila hutema sumu machoni, na kifutu hujilaza njiani bila kukimbia, akikanyagwa huuma. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sharia. Kwa hiyo, mwenye kufuata kauli ya kuonya na aonye kwa mbali, watoto wakiwa wametolewa nje. Nyoka akiwa karibu na mtoto au akishambulia, hakuna kungoja siku tatu.

Anapouawa, auawe kwa pigo la haraka. Kummwagia mafuta ya taa na kumchoma moto hakufai, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kuadhibu kwa moto, tena nyumba nyingi zimeezekwa kwa nyasi.

Aliyeumwa

Mtume (s.a.w.) ameruhusu ruqya kwa sumu, na masahaba walimsomea Fatiha kiongozi wa kabila aliyeumwa, akapona. Lakini yeye huyo huyo (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Basi Fatiha isomwe, na pikipiki iwe njiani kuelekea hospitali. Wasukuma wana Bayeye, watu wenye chama chao cha tangu zamani, mashuhuri kwa kucheza na nyoka na kwa dawa zao. Dawa ya miti isiyo na shirki si haramu kwa asili yake. Kinachokatazwa ni kutambika, na kumchelewesha mgonjwa mpaka sumu imalize kazi yake.

Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Asichanjwe, asifyonzwe jeraha wala asifungwe kamba ya kukaza. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi mara moja.

Wapo wanaosita kuhusu dawa ya kuzuia sumu, kwa kuwa aghalabu hutokana na damu ya farasi aliyedungwa sumu kidogo kidogo. Katika madhehebu ya Imam Shafii damu ni najisi, lakini kujitibu kwa kilicho najisi kunajuzu pale ambapo hakuna kilicho tohara cha kushika nafasi yake. Basi mgonjwa asiikatae. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, likikadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Dawa hii haipo katika kila zahanati. Maimamu waulize mapema ni kituo gani kinayo, wawatangazie watu baada ya swala ya Ijumaa.

"Nyoka wa kutumwa"

Hili ndilo zito zaidi. Katika mikoa hii vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni yakafanywa ushahidi. Uislamu haukanushi kuwepo kwa sihri, lakini nyoka mlangoni si shahidi, na ramli ya mganga si hukumu. Suratul-Hujurat imetukataza dhana, na Suratul-Maida imelifanya kosa la kuua nafsi moja bila ya haki kuwa kama kuua watu wote. Nyoka amefuata panya. Tufyeke majani kuzunguka nyumba, tuzibe mashimo, tuliinue ghala, tutembee usiku na tochi, na bibi wa jirani tumwache salama.

Wallahu a'lam.